Tathmini ya Huduma ya Kuondoa Mapaa ya Asbesto Shuleni: Juu Walifanya Vyema, Chini Ilibidi Tuwasukume

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya ukaguzi, uondoaji na utupaji wa mapaa ya asbesto, yaani mabati ya saruji iliyochanganywa na nyuzi za madini ziitwazo asbesto. Ilitolewa kwa shule yetu ya upili ya bweni, iliyoko katika nyanda za juu za Bonde la Ufa nchini Kenya, na kampuni ambayo sitaitaja kwa jina, kwa kuwa baadhi ya kasoro nitakazozieleza ilizirekebisha tulipozungumza nayo na nyingine bado tunaijadili. Mimi ni mjumbe wa bodi ya usimamizi, na ndiye niliyekabidhiwa kazi ya kuufuatilia mradi huo tangu kufunguliwa kwa zabuni hadi kurejeshwa kwa funguo za mabweni. Naandika kwa urefu kwa sababu tulipokuwa tukitafuta kampuni hatukupata popote maelezo ya mteja aliyetutangulia. Tulichopata ni vipeperushi vya kampuni zenyewe, na sijaona bado kipeperushi kinachomkosoa mwenyewe.

Anayenunua huduma hii aelewe kwanza kwamba hanunui paa jipya. Kupiga mabati ya chuma ni kazi ambayo fundi yeyote mzuri wa mjini anaiweza. Kinachonunuliwa ni namna paa kuukuu linavyoshushwa, linavyofungwa, linavyosafirishwa na kuzikwa bila kuacha vumbi lake darasani, uani au katika nguo za mtu. Kwa hiyo nimeipima kampuni hii kwa yale yaliyofanyika kabla ya bati la kwanza kuguswa na baada ya bati la mwisho kuondoka, na hapo ndipo pana tofauti kubwa baina ya kampuni moja na nyingine.

Kanuni za usimamizi wa taka za mwaka 2006, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, ziliihesabu asbesto kuwa taka hatari, na tangu wakati huo haijengewi tena kihalali nchini. Hata hivyo, shule nyingi zilikuwa zimekwisha kuezekwa. Nasi hatuwezi kuwalaumu waliotujengea, kwani bati la asbesto lilikuwa na sifa zake: halishiki kutu, mvua ikinyesha mwalimu anasikika, na adhuhuri darasa halichemki kama lililoezekwa kwa chuma kitupu. Bati zima, lisilo na ufa, halitoi nyuzi nyingi, kwa maana nyuzi hizo, ambazo kwa kawaida ni kama asilimia 10 hadi 15 ya bati, zimefungwa ndani ya saruji. Hatari huanza linapovunjwa, linapokatwa, linapotobolewa au kusuguliwa, au linapochakazwa na jua na mvua kwa miongo kadhaa hadi saruji ya juu ikaliwa na nyuzi zikabaki wazi. Nyuzi hizo zikielea hewani hazionekani kwa macho na hazina harufu, na zikishaingia mapafuni hukaa. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani, iwe nyeupe, buluu au kahawia: saratani ya mapafu, ya zoloto, ya ovari, na mesotelioma, ambayo hushika utando unaozunguka mapafu na tumbo. Zaidi ya hizo kuna asbestosisi, yaani mapafu kuwa na makovu na kushindwa kutanuka. Aghalabu magonjwa haya hujitokeza baada ya miaka 20, 30 au zaidi, kwa hiyo kijana aliyevuta vumbi hilo akiwa kidato cha pili anaweza kuugua akiwa na wajukuu, na hakuna atakayekumbuka bweni alilolala.

Kuna mjumbe mmoja wa bodi yetu aliyeuliza, na swali lake lilikuwa la haki, kwa nini shule itumie fedha nyingi kwa jambo linalowapata wachimba migodi. Jibu lake liko Afrika Kusini. Mwaka 1960 daktari J. C. Wagner na wenzake walichapisha taarifa ya wagonjwa 33 wa mesotelioma, wengi wao wakiwa na uhusiano na eneo la machimbo ya asbesto ya buluu katika jimbo la Rasi (Cape). Na miongoni mwao walikuwamo watu ambao hawakuwahi kufanya kazi mgodini, bali waliishi karibu na machimbo wakiwa watoto. Miaka mingi baadaye, mwaka 2013, kamati ya wataalamu wa saratani inayoishauri serikali ya Uingereza ilikadiria kwamba kwa kiasi kilekile cha nyuzi, mtoto anayeanza kuzivuta akiwa na miaka 5 ana hatari ya kupata mesotelioma maishani mwake iliyo kama mara 5 ya ile ya mtu anayeanza akiwa na miaka 30, kwa sababu mtoto ana miaka mingi zaidi mbele yake ya ugonjwa huo kukomaa. Sisemi haya ili wazazi wakimbize watoto. Vumbi la bweni lenye paa zima ni dogo mno ukilinganisha na la mgodini. Nasema ili ieleweke kwa nini kumtuma fundi wa kijijini apande na nyundo, kama zifanyavyo shule kadhaa zinapotaka kuokoa fedha, ni kuligeuza tatizo lililolala kuwa tatizo lililoamka.

Zabuni ilitufunza mengi. Kampuni ya bei ya chini kabisa ilituletea ukurasa mmoja ulioandikwa «kubomoa na kusafisha», bila neno lolote kuhusu maji, barakoa, lori au mahali pa kutupa. Nyingine ilitoa punguzo kubwa kwa sharti kwamba mabati yaliyotolewa yawe mali yake. Tulipouliza yangepelekwa wapi, mazungumzo yakafa. Kampuni tuliyoichagua haikuwa ya bei nafuu, lakini ilikuja na faili. Ndani yake mlikuwa na leseni ya Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMA, ya kusafirisha taka hatari, ikitaja namba za malori. Utaratibu wa kuandaa ripoti ya mazingira ambayo NEMA huihitaji kabla ya kazi ya namna hii kuanza. Barua ya kuijulisha Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini. Na vyeti vya mafunzo vya wafanyakazi, kila kimoja na picha. Nashauri bodi yoyote ipige simu NEMA kuulizia leseni hizo badala ya kuridhika na nakala. Sisi tulipiga, na leseni ilikuwa hai. Kibali chenyewe kilichukua muda kuliko tulivyotarajia, na hapo lawama haiiangukii kampuni. Bodi inayotaka kazi ifanyike likizo ya Agosti ianze makaratasi mwanzoni mwa mwaka.

Ukaguzi ndio sehemu ya huduma iliyonivutia zaidi, na kama ningetakiwa kuitolea alama peke yake ningeipa karibu zote. Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mtulivu, asiyependa kuharakishwa. Alizunguka kila jengo akiwa na ramani ya shule aliyoichora mwenyewe, akiandika hali ya kila paa: nyufa, matundu ya misumari, ukoga, mahali mpira wa wanafunzi ulipogonga na kuvunja kona. Alipochukua sampuli alilowesha kwanza kwa chupa ya kunyunyizia, akamega kipande kisichozidi ukucha wa dole gumba kutoka kwenye ukingo ambao tayari ulikuwa umevunjika, akakitia katika mfuko mdogo uliofungwa na mfuko huo ndani ya mwingine, akafuta pale alipomega kwa kitambaa chenye maji, kisha akapaziba. Kitambaa nacho kikaingia mfukoni. Mwalimu mkuu, aliyekuwa akitazama, alimwambia kwa utani, «Mama, wewe unalishika bati kama kichanga,» naye akajibu bila kuinua macho, «Mwalimu, kichanga ukikiangusha utasikia kilio, hili halilii.»

Majibu ya maabara yaliokoa fedha zetu. Jengo la madarasa manne la upande wa kaskazini, ambalo sote tuliamini lina asbesto kwa kuwa mabati yake yanafanana kabisa na yale ya mabweni, lilipatikana halina. Ni mabati ya saruji yaliyotiwa nyuzi za mimea, yaliyokuja sokoni baada ya asbesto kuanza kukataliwa. Kwa macho huwezi kuyatofautisha. Ni darubini ya maabara tu inayoweza. Kampuni ingeweza kunyamaza na kutulipisha kuyaondoa kama taka hatari. Haikunyamaza, na jambo hilo nimeliweka mbele katika hukumu yangu.

Kwa upande mwingine, mkaguzi aligundua asbesto mahali ambapo hatukuwa tumeitafuta. Dari ya maabara ya kemia ilikuwa nayo. Bomba la moshi la jiko la zamani, lile la saruji lililosimama nyuma ya ghala, lilikuwa nalo. Na kubwa zaidi ni bustani ya chama cha kilimo: miaka mingi iliyopita wanafunzi waliokota vipande vya mabati vilivyovunjika, wakavisimamisha ardhini kuzunguka matuta ya sukumawiki ili udongo usimomonyoke, na tangu hapo kila kundi jipya lilikuwa likivigonga kwa jembe wakati wa kupalilia. Hakuna mjumbe wa bodi aliyejua. Mwalimu wa kilimo alijua vipo, lakini hakujua ni nini.

Ripoti haikupendekeza kila kitu kiondolewe, na hili wasomaji walizingatie, kwa maana kuna dhana kwamba usalama ni kung'oa tu. Dari ya maabara iko salama, imepakwa rangi, haijapasuka, na hakuna anayeifikia bila ngazi. Ripoti ilisema iachwe, ipakwe rangi upya bila kupigwa msasa, itiwe alama, isitobolewe kwa ajili ya taa wala nyaya, na itazamwe mara kwa mara. Kuiondoa kungezua vumbi ambalo halipo sasa. Mabweni, kinyume chake, yalikuwa yamefika mahali pa kutovumilika: nyufa, kingo zinazomeguka, na ukungu mweupe wa nyuzi unaoonekana ukilitazama bati kwa karibu mahali mvua ilipokula saruji. Ripoti ilikataa pia pendekezo lililokuwa likizunguka katika bodi la kupigilia mabati ya chuma juu ya yale ya asbesto. Ni njia rahisi na imetumiwa kwingi, lakini kila msumari unaopita hapo ni tundu jipya katika asbesto, na fundi wa miaka ijayo atapanda asijue anachokanyaga.

Kazi ya kuondoa ilifanyika wanafunzi wakiwa likizoni, na walimu wanaoishi karibu na mabweni walihamishwa kwa muda. Eneo lilizungushiwa utepe na mabango ya hatari. Wafanyakazi walivaa ovaroli za kutupwa zenye kofia, glavu, na barakoa zenye vichujio vinavyobana uso. Msimamizi aliwakatalia kazi vijana wawili wenye ndevu hadi waliponyoa, kwa kuwa ndevu huacha mwanya pembeni mwa barakoa. Barakoa za kitambaa, na zile nyembamba za hospitali tulizozizoea wakati wa korona, hazizuii nyuzi hizi, na yeyote anayekuja nazo kwenye kazi ya asbesto hajui kazi.

Mabati hayakukanyagwa. Bati kuukuu la asbesto huvunjika ghafla chini ya miguu, na mafundi wameanguka na kufa kwa kulidhani imara, kwa hiyo ziliwekwa mbao ndefu za kutembelea zilizoegemea juu ya kenchi, na chini kulikuwa na jukwaa. Kila safu ililoweshwa kwanza kwa maji yaliyotiwa sabuni kidogo, yakinyunyizwa taratibu. Sabuni huyasaidia maji kupenya badala ya kuteleza. Mashine ya maji ya nguvu haikutumika hata kwa kuosha ukoga, na ni sawa, kwa sababu ingelichubua bati na kutapanya nyuzi uani kote. Bolti zilikuwa zimeota kutu kiasi cha kutofunguka, na hapo ndipo kampuni nyingi huchukua grainda. Hawa walizikata kwa mkasi mkubwa wa vyuma, moja baada ya nyingine, huku mwenzao akinyunyiza maji. Kazi ilikwenda polepole hadi mhasibu wa shule akanung'unika. Mabati yalipokezanwa kwa mikono hadi jukwaani na hadi chini, yakapangwa juu ya karatasi nzito ya plastiki, yakafungwa tabaka mbili, yakagandishwa kwa utepe na kubandikwa lebo.

Asubuhi ya kwanza kijana mmoja aliliburuta bati juu ya kenchi ili awahi, likakatika vipande vitatu. Msimamizi alisimamisha kazi yote. Hakufoka. Alisema, «Kijana, shuka kwanza,» akaagiza vipande viloweshwe na kuokotwa kimoja kimoja, na kijana yule akapewa kazi ya kufunga plastiki hadi mwisho wa mradi. Nilipomuuliza baadaye kama hakuwa mkali mno, alinijibu, «Mzee, huyu ana miaka ishirini na miwili. Nikimwonea huruma leo, nitakuwa nimemwonea vibaya.»

Sikuridhika na mambo yote hata juu ya paa. Siku moja adhuhuri niliwakuta wafanyakazi wawili wakila chini ya mti wakiwa na ovaroli zilezile za kazi, barakoa zikining'inia shingoni. Palikuwa na hema la kuvulia nguo na kuogea, lakini lilikuwa upande wa pili wa uwanja, na mtu mwenye njaa hatembei mbali. Msimamizi alipoelezwa aliwaondoa na kulisogeza hema karibu na lango la eneo la kazi, mahali lilipopaswa kuwa tangu mwanzo. Ni kasoro ya mpangilio, lakini ndiyo njia vumbi linavyofika nyumbani kwa mke na watoto wa fundi.

Kasoro kubwa zilikuwa chini. Mkataba, ulioandikwa na kampuni na kupitishwa na mwanasheria wetu, ulisema «paa», na kampuni ililisoma neno hilo kwa ufinyu wote unaowezekana. Mifereji ya maji ya mvua iliyokuwa ukingoni mwa paa ilishushwa ikiwa mikavu, na tope la miaka mingi lililokauka ndani yake likamwagika juu ya nyasi. Tope hilo si uchafu wa kawaida; ni humo nyuzi zinazooshwa kutoka kwenye paa lililochakaa hukusanyika. Vilevile upande wa mabweni usiokuwa na mifereji, maji yalikuwa yakidondoka moja kwa moja ardhini kwa miongo, na ule mstari wa udongo chini ya upenu, ambapo wasichana huanika viatu na kukaa kusukana nywele, haukuwa umeguswa. Juu ya kuta, mahali kenchi zinapokalia, palikuwa na vumbi na chembe za saruji ambazo wafanyakazi wa paa jipya wangezifagia zikiwa kavu kama si mwalimu wa zamu kuwazuia.

Tulisimamisha malipo. Kampuni ilidai kwamba hayo ni kazi ya ziada. Sisi tulisema hakuna maana ya kulipia paa lisilo na vumbi ikiwa vumbi limeshuka. Baada ya mabishano yaliyofika hadi ofisi ya elimu ya kaunti, walirudi. Tope la mifereji na nyasi zilizochafuliwa vililoweshwa na kutiwa mifukoni, udongo wa chini ya upenu ukachotwa sentimita kadhaa na kujazwa mpya, kuta na kenchi zikasafishwa kwa mashine ya kufyonza yenye vichujio maalumu na kufutwa kwa vitambaa vya maji. Vipande vya bustani ya kilimo viliondolewa pamoja na udongo unaovizunguka. Kazi hii ya mwisho waliifanya kwa uangalifu uleule wa juu ya paa, jambo lililonionyesha kwamba ujuzi walikuwa nao. Kilichokosekana ni nia ya kuufikisha mahali ambapo mkataba haukuwalazimisha.

Tangi la maji ya mvua liliibua hofu kubwa kuliko yote miongoni mwa wazazi, na hapa niwe mkweli kwa upande wa kampuni. Shirika la Afya Duniani halijaweka kiwango cha mwisho cha asbesto katika maji ya kunywa, kwa sababu hakuna ushahidi unaoelekea upande mmoja kwamba nyuzi zinazomezwa zinadhuru kama zinazovutwa. Hatari ya tangi ni matope ya chini yake, yakitolewa, yakaanikwa juani na kufagiliwa. Kampuni ililieleza hilo vizuri katika mkutano wa wazazi, bila kutisha na bila kupuuza, ikayatoa matope yakiwa majimaji na kuyachukua pamoja na taka nyingine.

Majirani wa shule walituwekea mtihani wa aina yake. Habari zilipoenea kwamba shule inatoa mabati, walikuja wenye mikokoteni. Mama mmoja ninayemheshimu, ambaye watoto wake wawili walisoma kwetu, aliomba machache tu ya kuezekea jiko. «Mabati haya ni mazima, mwanangu, mbona mnayatupa?» aliuliza. Msimamizi alimwita kando, akamwonyesha ukingo uliomeguka na nyuzi zake, na kumwambia, «Mama, haya hata mimi siruhusiwi kuyapeleka kwangu. Jikoni kuna moshi, kuna watoto, kuna nyundo.» Mama hakufurahi, lakini aliondoka mikono mitupu, na hakuna bati lililotoroka usiku, kwa kuwa kampuni iliweka mlinzi wake mwenyewe pale yalipohifadhiwa. Katika mradi wa shule nyingine nimeona kwa macho yangu mabanda ya kuku ya kijiji kizima yakiezekwa kwa asbesto iliyotoka shuleni, ikiwa imekatwa kwa msumeno.

Usafirishaji haukuwa na dosari. Malori yalifunikwa turubai, kila mzigo ulikuwa na hati ya kufuatilia taka inayotiwa saini na mzalishaji wa taka, yaani shule, msafirishaji na mpokeaji, na mjumbe mwenzangu aliandamana na lori la kwanza hadi mahali pa kuzikia. Alikuta shimo lililozungushiwa uzio na bango la hatari, mabunda yakishushwa kwa mashine bila kupasuliwa, na udongo ukimwagwa juu yake siku hiyohiyo. Nakala za hati zote ziko katika kabati la mwalimu mkuu. Bodi isiyopewa hati ya mpokeaji haijui asbesto yake imelala wapi, na macho ya sheria huanza kwa mzalishaji wa taka.

Kabla ya mabweni kufunguliwa tulilipia vipimo vya hewa ndani yake. Kiwango tulichokubaliana, ambacho hutumika Uingereza na Marekani katika kurejesha jengo kwa watumiaji, ni chini ya nyuzi 0.01 kwa kila mililita ya hewa. Mabweni yote yalipita. Katika kazi ya paa la nje kipimo hiki si cha lazima kila mahali, na kampuni ilitueleza hivyo badala ya kutuuzia kimyakimya, lakini kwa vyumba ambamo watoto watalala kila usiku tuliona ni gharama inayostahili.

Mahali nilipovunjwa moyo kabisa ni rejista. Tuliahidiwa rejista ya asbesto iliyobaki, na tukaletewa ile ripoti ya ukaguzi ikiwa na jalada jipya, bado ikiorodhesha mapaa ambayo hayapo tena. Marekani, tangu sheria ya mwaka 1986 kuhusu asbesto shuleni, kila shule yenye vitu hivyo inatakiwa kuwa na mpango wa usimamizi unaowekwa ofisini ambapo mzazi anaweza kuuomba na kuusoma. Vitu vyenyewe hutazamwa kila baada ya miezi 6 na kukaguliwa upya na mtaalamu kila baada ya miaka 3, wazazi na walimu huarifiwa kila mwaka, na hata mfagizi hupata mafunzo ya saa 2 ili ajue asichopaswa kugusa. Hakuna lolote kati ya hayo linalohitaji fedha nyingi. Linahitaji daftari na mtu mwenye jina la kuwajibika. Kwetu, rejista inayofaa ingekuwa kurasa chache: dari ya maabara, jumba la maankuli na bomba la jiko, picha za hali yake leo, nani ayatazame, na fundi wa umeme aonyeshwe wapi kabla hajafungua kisanduku chake. Hadi naandika haya tumeiandaa sisi wenyewe na mwalimu wa kemia, na kampuni imeombwa kuipitia na kuitia saini.

Kuhusu bei, uondoaji na utupaji ulikaribia gharama ya paa jipya lenyewe, na wajumbe waliozoea bei za mafundi walishtuka. Nikitazama muda uliotumika kukata bolti kwa mkono, plastiki, vichujio, malori yenye leseni na ada ya kuzikia, sioni kama tulipunjwa. Kilichotusaidia zaidi ni kubakiza sehemu ya malipo hadi usafi wa chini ukamilike. Bila fungu hilo mkononi, sidhani kama wangerudi kuchota udongo.

Nampa mkaguzi alama zote, timu ya paa karibu zote, usafirishaji zote, usafi wa ardhini nusu, na rejista chini ya nusu. Jumba la maankuli na bomba la jiko vinatangaziwa zabuni kwa likizo ijayo, na kampuni hii itaalikwa pamoja na nyingine. Mkataba safari hii unaandikwa na bodi: unataja mifereji, tope lake, udongo wa chini ya upenu kwa upana na kina, sehemu za juu za kuta, hema la kuvulia nguo na umbali wake kutoka eneo la kazi, na robo ya malipo haitoki hadi rejista iliyosahihishwa iwe mezani kwa mwalimu mkuu.